Utando Mweupe Juu ya Damu: Kuishi na Trigliseridi Nyingi

IDRISA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Idrisa, niliyefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi kabla ya kushika kipaza sauti hiki. Niko na mwenzangu, dada Zuhura, ambaye leo si muulizaji bali ndiye mwenye habari. Dada, tuanzie usiku ule.

ZUHURA: Ahsante, kaka Idrisa. Maumivu yalinianza usiku wa manane, juu ya kitovu, yakapenya hadi mgongoni. Nikilala chali yanazidi, nikiinama mbele na kukumbatia mto yanapungua kidogo, na nilitapika mpaka sikuwa na cha kutapika. Nilijiambia kuwa ni vidonda vya tumbo. Kulipokucha nilipelekwa hospitali, mhudumu akanitoa damu, akakiinua kichupa kwenye mwanga, akanitazama, kisha akaondoka bila kusema neno.

IDRISA: Najua alichokiona. Damu ya kawaida ikizungushwa kwenye mashine, chembe nyekundu hushuka chini, na juu hubaki majimaji angavu ya manjano ambayo unaweza kusoma maandishi kupitia kwayo. Damu iliyojaa trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri ndani ya damu, huwa na weupe mzito, na ikilazwa kwenye jokofu hadi asubuhi huota utando juu kama malai ya maziwa. Tena pana mtego hapo: mafuta hayo huvuruga vipimo vyenyewe, kiasi kwamba amilesi, kimeng'enya yaani kemikali ya kuvunja chakula, ambayo kwa kawaida hupanda linapovimba kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, inaweza kusomeka kama haina neno, na sodiamu ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Daktari asiyejua kwamba damu ile ina mafuta anaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani na dawa ya kiungulia.

ZUHURA: Mimi sikurudishwa, nashukuru; waligundua kwamba kongosho langu limevimba. Trigliseridi zangu zilisomeka 2,840.

IDRISA: Kwa wasikilizaji: mtu aliyefunga kula hutarajiwa kuwa chini ya miligramu 150 kwa desilita, yaani milimole 1.7 kwa lita. Kuanzia 500 tunasema zimepanda mno, na zikivuka 1,000 hatari ya kongosho kuvimba huongezeka waziwazi, ingawa si kila aliyefika huko huugua. Mawe ya nyongo na pombe ndiyo yanayoongoza kwa kuleta ugonjwa huu. Trigliseridi hutajwa ya tatu, na nadhani ndiyo sababu husahauliwa.

ZUHURA: Nilichochelewa kuelewa ni kwa nini kongosho. Miaka yote niliambiwa kwamba mafuta ya damu ni habari ya moyo.

IDRISA: Mafuta ya chakula hutoka utumboni yakiwa katika vifurushi vikubwa viitwavyo kailomikroni, na kwenye kuta za mishipa midogo kuna kimeng'enya cha kuvifungua. Kimeng'enya hicho kikizidiwa, vifurushi hurundikana na damu huwa nzito. Kongosho nalo limejaa vimeng'enya vya kumeng'enya mafuta, kwa hiyo, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, mafuta hayo huvunjwa papo hapo yakawa asidi zinazounguza seli za kongosho lenyewe. Wapo wachache mno, mmoja au wawili katika watu milioni, ambao kimeng'enya kile cha mishipani karibu hakifanyi kazi tangu kuzaliwa. Walio wengi wana udhaifu wa kurithi, halafu jambo la pili huja kuwasukuma.

ZUHURA: Mimi nilisukumwa na mawili. Kisukari changu kilikuwa hakijadhibitiwa, na miezi michache kabla yake, kliniki moja ilinipa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni bila yeyote kuuliza kuhusu mafuta ya damu. Sikujua kuuliza, nao hawakuuliza. Siku hizi sipokei dawa yoyote mpya kabla sijataja trigliseridi, hata wakiniona msumbufu.

IDRISA: Endelea kuwa msumbufu. Dawa za steroidi na isotretinoini ya chunusi nazo huweza kuzipandisha, kama vile pombe, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, na ujauzito, hasa miezi yake ya mwisho.

ZUHURA: Hospitalini nilinyimwa chakula kwanza, nikawekewa maji na insulini kwa mshipa, na zikashuka kwa siku chache tu. Kushuka haraka hivyo kulinifurahisha, mpaka nilipogundua kwamba hupanda haraka vilevile. Lehemu, yaani kolesteroli, husogea polepole. Trigliseridi huweza kuruka kwa wiki moja ya uzembe, nawe usihisi chochote. Watu huniuliza ninajisikiaje, nami sina jibu, kwa maana 300 na 1,500 kwangu huhisiwa sawasawa.

IDRISA: Na chakula?

ZUHURA: Hapo ndipo ninapogombana na wanaonitakia mema. Huniambia nitumie mafuta ya mizeituni kwa kuwa ni mazuri kwa moyo, lakini damu inapokuwa imejaa kailomikroni, karibu mafuta yote huingia katika vifurushi vilevile, yawe yanasifiwa au yanalaumiwa. Zilipokuwa juu ya 1,000 nilipima mafuta kwa kijiko cha chai. Sasa nimelegezewa kidogo, ila sukari ninaiogopa vilevile, kwa kuwa ini huigeuza kuwa trigliseridi. Pombe nimeiacha kabisa. Natumia fenofibreti, dawa ya kushusha trigliseridi, na omega-3 niliyoandikiwa na daktari.

IDRISA: Statini, dawa ya kushusha lehemu, husaidia sana moyo, lakini peke yake haitoshi kushusha kiwango kama kile. Kwa wale wachache wenye ugonjwa wa kuzaliwa nao, Marekani iliidhinisha dawa ya sindano iitwayo olezaseni mwezi Desemba 2024. Je, maumivu yakirudi?

ZUHURA: Siyasubiri yapoe. Kwenye pochi nina karatasi iliyoandikwa kwamba niliwahi kuvimba kongosho kwa sababu ya trigliseridi, na kwamba amilesi yangu isiaminiwe peke yake. Naikabidhi mapokezini hata kabla ya kutaja jina langu. Wiki iliyopita zilisomeka 410, na nitapima tena baada ya miezi mitatu.