Kupima mkusanyo wa utawala wa umma: tuanze na kodi ya majengo

Ndugu wakutubi, wahadhiri wa idara, na wanafunzi mliojibana huko nyuma: shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kupima mikusanyo ya maktaba zetu katika somo la utawala wa umma. Nadharia nitaifikia. Naomba tuanze na kodi ya majengo.

Mchukulieni mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu juu ya mapato ya ndani ya halmashauri. Anahitaji nini? Anahitaji Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya 1982, pamoja na marekebisho yake, na marekebisho yenyewe ni mengi. Anahitaji kujua kwamba kodi ya maendeleo, ile iliyowafanya wazee wetu wajifiche mgambo akionekana kijijini, ilifutwa 2003. Kwamba 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitolewa halmashauri ukapelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Kwamba 2021 kodi hiyohiyo iliingizwa kwenye LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, ukinunua umeme inakatwa hapohapo, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyuma ya mabadiliko kama hayo kuna sheria ya fedha ya mwaka husika, kuna hotuba za bajeti, kuna mjadala wa wabunge ndani ya Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na baadaye ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinaonyesha halmashauri zilibaki na nini mkononi.

Hayo ndiyo machapisho ya somo letu. Mengi hayana jalada gumu, hayana mchapishaji anayekutumia katalogi, na hayauzwi dukani. Sasa niambieni: katika tathmini ya mwisho iliyofanywa kwenye maktaba yako, ni nani aliyeuliza kama yapo?

Najua kilichoulizwa. Iliulizwa idadi. Vitabu vingapi, vichwa vingapi, nakala ngapi kwa kila mwanafunzi. Mkaguzi wa ithibati anakuja, mkutubi anatoa jedwali, jedwali linapendeza, chai inaletwa. Siwalaumu wakaguzi, idadi ni rahisi kuhakiki. Ila idadi ina tabia ya kuvimba. Likija kontena la vitabu vya msaada, nusu yake vikiwa ni vitabu vya kiada kuhusu uendeshaji wa miji ya Marekani, kila mji na meneja wake na baraza lake, siku hiyo mkusanyo wa utawala wa umma umekua. Mwanafunzi wa kodi ya majengo hajapata kitu.

Kuna jambo jingine la rafuni ambalo wasio wakutubi hawalioni. Wanaotumia Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, mnajua kwamba utawala wa umma uko 351 hadi 354. Ukisimama hapo ukahesabu, umepima kipande tu. Fedha za umma ziko 336. Sheria ya katiba na ya utawala iko 342. Usimamizi wa watumishi mara nyingi umeangukia 658 pamoja na vitabu vya biashara, na historia ya maliwali na wakuu wa wilaya wa kikoloni iko 967. Kisha ikumbukwe kwamba toleo la 21 la Dewey, la 1996, liliipangua sehemu hii yote. Kabla yake 352 ilikuwa serikali za mitaa, na 353 ilikuwa serikali ya Marekani. Maktaba ambayo haikubadilisha lebo za vitabu vyake vya zamani ina mipangilio miwili kwenye rafu moja. Nimeona mahali ambapo vitabu viwili vya serikali za mitaa, vya mada ileile, vimetenganishwa na rafu nzima, na msomaji aliyepata kimoja hakuwa na njia ya kujua kuwa kingine kipo. Ukipima mkusanyo wa namna hiyo kwa kutembea na daftari, utaandika kwamba kitabu hakipo na kumbe kipo.

Haya, tuje kwenye mbinu.

Wamarekani walitupa kipimo kiitwacho Conspectus, kilichoanzishwa na kundi la maktaba za utafiti, RLG, mapema miaka ya 1980. Kila eneo la somo linapewa alama kuanzia 0 hadi 5: sifuri hatukusanyi kabisa, tatu inatosha kufundishia, nne inatosha kufanyia utafiti, tano ni kujaribu kukusanya kila kitu. Watu wanakiona kimepitwa na wakati. Mimi bado nakipenda kwa sababu moja: kinakulazimisha uandike alama mbili, uliyonayo na unayoitaka. Kwa maoni yangu, chuo cha Tanzania kinachotoa shahada ya uzamili katika utawala wa umma kinatakiwa kiwe na nne kwa serikali za mitaa za Tanzania, na kinaweza kulala usingizi kikiwa na moja kwa utumishi wa umma wa Ufaransa. Uliza vyuo vyetu vingapi viko kinyume cha hapo.

Njia ya pili ni kuangalia vitabu vinavyoazimwa. Utafiti wa Pittsburgh uliotoka 1979 uliwashtua wengi: kati ya vitabu ambavyo maktaba ya chuo kikuu kile ilivinunua 1969, karibu asilimia 40 vilikuwa havijaazimwa hata mara moja miaka sita baadaye. Ni onyo zuri kwa anayenunua. Lakini kwetu muhuri wa tarehe nyuma ya kitabu unadanganya. Mwanafunzi wetu hukisomea kitabu palepale mezani, au anakipiga picha kwa simu sura nzima, au kinatoka mara moja tu kwenda steshenari na kesho yake darasa zima lina kivuli chake. Kabla hujaandika kwamba kitabu hakisomwi, kwa wiki kadhaa hesabu vile vinavyoachwa juu ya meza jioni.

Njia ninayoiamini zaidi inachosha: kaa na tasnifu. Chukua tasnifu za utawala wa umma za miaka mitatu iliyopita, fungua kurasa za marejeo, na kwa kila rejeo uliza kama maktaba yetu inalo. Baada ya tasnifu chache tu utaanza kuona sura ya somo. Utaona sheria zinazotajwa kwa toleo lisilo sahihi. Utaona ripoti ya CAG inanukuliwa kupitia gazeti, kwa sababu gazeti ndilo lililopatikana.

Hata hapo kuna mtego. Marejeo yanaonyesha kilichopatikana, hayaonyeshi kilichohitajika. Maktaba dhaifu huzaa marejeo dhaifu, halafu maktaba inajipima kwa marejeo hayo na kujipa alama nzuri. Kwa hiyo nenda kwa watahini. Waulize ni chanzo gani walitarajia kukikuta wakakikosa. Ripoti za watahini zimejaa sentensi hizo, na sijasikia mkutubi akiziomba.

Nisiondoke bila kugusa vitabu vya zamani, maana najua baadhi yenu mna mpango wa kuvitoa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2004 ilifutwa na ya 2011, na ya 2011 ikafutwa na ya 2023. Nakala kumi za sheria iliyofutwa, zikiwa wazi rafuni bila alama yoyote, ni hatari. Kuna mtu atafanyia mtihani. Ondoa tisa, moja iandike "imefutwa" kwa herufi kubwa, uihifadhi. Serikali za mitaa zilivunjwa 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, za mijini zikarudi 1978, sheria mpya zikatungwa 1982, na halmashauri zikaanza tena kazi 1984. Anayetaka kuelewa kwa nini halmashauri ya leo inasubiri fedha kutoka Dodoma atahitaji miongozo ya miaka hiyo. Chuo kama Mzumbe, kilichoanza 1953 kwa kufundisha watendaji wa serikali za mitaa, kina sababu ya pekee ya kutunza karatasi za namna hiyo, na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana sehemu ya Afrika Mashariki kwa kazi hiyohiyo. Hakuna mchapishaji atakayezichapa upya.

Na hotuba za bajeti na ripoti tunazosema "zipo mtandaoni"? Tovuti ya wizara ikibadilishwa, au wizara yenyewe ikiunganishwa na nyingine, kiungo kinakufa siku hiyohiyo. Pakua, ipe jina linaloeleweka, iingize kwenye katalogi kama kitabu kingine chochote. Kazi hii haihitaji bajeti ya ununuzi. Inahitaji mkutubi mmoja aliyekabidhiwa somo, na idara imwalike kwenye kikao kinachopitisha mada za tasnifu, ili ajue mwezi wa kwanza kitakachotafutwa mwezi wa sita.

Nakomea hapo. Naona mkono wa mama pale mbele, karibu.