Kimeta: Hatari Inaanzia Kwenye Kisu

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nieleze kimeta, ugonjwa wa mifugo unaowapata pia binadamu, na jinsi watu wanavyokipata. Nitaanzia kwenye mzoga, kwa sababu ndiko wengi wanakoambukizwa.

Mnyama alikuwa mzima jana, anakula vizuri. Leo amekutwa amekufa. Tumbo limevimba upesi, viungo havijakakamaa sawasawa, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa. Ukikuta hivyo, kisu kibaki alani. Na hata damu isipoonekana, ng'ombe, mbuzi au kondoo aliyekufa ghafla bila sababu inayojulikana asipasuliwe mpaka mtaalamu wa mifugo amtazame.

Mbona nakazania kisu? Bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, wakiwa ndani ya mwili wa mnyama huzaana kwa wingi mno, lakini hawana ustahimilivu mkubwa. Mzoga ukiachwa mzima, wengi hufa siku chache tu nyama inapooza. Damu ikimwagika na kukutana na hewa, kila bakteria hujifungia ndani ya gamba gumu, nasi tunamwita spora. Robert Koch alieleza mzunguko huo mwaka 1876. Spora hustahimili ukame na baridi, na hukaa udongoni miongo mingi zikingoja mnyama mwingine aje kulisha pale. Kwa hiyo anayepasua mzoga anajiweka hatarini yeye mwenyewe, na malisho anayaharibu kwa ajili ya wajukuu.

Anayedhani natia chumvi akitazame kisiwa cha Gruinard huko Uskoti. Mwaka 1942 Waingereza walijaribia hapo mabomu ya kimeta kwa kondoo. Kisiwa kilifungwa. Udongo wake ulikuja kusafishwa kwa dawa ya formaldehaidi mwaka 1986, na kikatangazwa salama mwaka 1990. Karibu miaka 50, kwa majaribio ya muda mfupi tu!

Sasa tuje kwa binadamu. Zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa hupata kimeta cha ngozi. Spora hupenya kwenye chubuko, hata lile dogo usilolijua, wakati wa kuchuna, kukata nyama, au kushika ngozi, sufu na mifupa ya mnyama mgonjwa. Baada ya siku 1 hadi 7 hutokea kipele kinachowasha, ungedhani umeumwa na mdudu. Kinakuwa lengelenge, kisha kidonda chenye kigaga cheusi katikati na uvimbe pembeni. Kidonda chenyewe kwa kawaida hakiumi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika wakakaa nyumbani. Wasipotibiwa, watu 10 hadi 20 katika kila 100 wanaweza kufa. Wakipewa antibiotiki mapema, karibu wote hupona.

Njia ya pili ni kula. Najua uchungu wa kufukia nyama wakati nyumbani kuna njaa, na simlaumu mtu kwa kuwaza kuipika. Lakini mapishi ya kawaida hayaaminiki kuua spora, na kabla nyama haijafika jikoni kuna mikono iliyokwisha kuishika. Mlaji anaweza kuvimba koo, au kuumwa tumbo vikali, kutapika na kuharisha damu. Aina hii huua zaidi ya ile ya ngozi.

Kuvuta spora kwa pumzi ni nadra, ila ndiyo hatari kuliko zote. Katika karne ya 19 aina hii iliwaua wachambuaji wa sufu katika viwanda vya Bradford, Uingereza. Mwaka 2001 nchini Marekani, barua zilizotiwa spora ziliwaambukiza watu 22, na 5 wakafa. Huanza kama mafua, kisha pumzi inabana.

Mgonjwa wa kimeta msimtenge. Kuambukizana mtu kwa mtu ni jambo la nadra sana. Mhudumieni, ila msiguse kidonda kwa mikono mitupu.

Kinga ya kweli ni kuchanja mifugo kila mwaka mahali ugonjwa unapojulikana. Chanjo inayotumika zaidi ilitokana na kazi ya Max Sterne nchini Afrika Kusini, miaka ya 1930. Ina bakteria hai waliodhoofishwa, kwa hiyo mnyama asipewe antibiotiki siku za karibu na kuchanjwa, maana chanjo itakufa. Kosa hilo hupoteza chanjo nzuri bure.

Na kama tayari ulishika au ulikula, nenda kituo cha afya leo, usingoje kidonda. Mwambie daktari waziwazi: niligusa mnyama aliyekufa ghafla, siku fulani. Asipoambiwa, anaweza kutibu jipu au homa ya kawaida, na siku za kukuokoa zikapita.