Baada ya Harusi, Nani Anabaki na Wanandoa?

Tumsifu Yesu Kristo! Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, akina mama wa WAWATA, umoja wetu wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, na nyinyi wanaume wachache mliojitokeza, asanteni kwa kunialika.

Ndoa katika parokia zetu tunaiandaa kwa nguvu zote. Vijana wanaleta vyeti vya ubatizo, wanahudhuria mafundisho, inatangazwa Jumapili tatu. Huko nje kamati ya harusi inabana watu michango, kuna sendofu, kuna kicheni pati. Harusi ikiisha, kila mtu anarudi kwake. Wanandoa tunawaona tena wakiletwa kusuluhishwa, nao wameshahama vyumba.

Kanisa halikutuagiza hivyo. Kanuni ya 1063 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inadai maandalizi, lakini inadai pia msaada kwa waliokwisha kufunga ndoa. Na chombo cha kuutoa tunacho: Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani familia jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970.

Sasa tuitazame jumuiya yenyewe. Jumamosi asubuhi sala ipo kwa fulani. Mama ametandika mkeka, ameazima viti vya plastiki, msalaba na mshumaa viko juu ya kitambaa cheupe. Baba yuko chumbani, eti amechoka. Injili inasomwa, zinafuata nia za maombi, na mama wa nyumba anasema, "Naiombea familia yangu," sauti inamkwama. Wote wamesikia. Mwenyekiti anaitikia "Ee Bwana, utusikie," kisha anafungua daftari la michango.

Hapo ndipo tunapowapoteza. Sisemi mama ahojiwe mbele ya watu. Siri itafika sokoni kabla chai haijapoa. Nasema wawili wanaoaminika, mume na mke, warudi jioni kuwajulia hali. Kazi hiyo hasa ni ya wasimamizi wa ndoa, ila siku hizi tunawachagua kwa kupendeza kwenye picha.

Na wanandoa wenyewe wasali wawili. Kuna watu wanaongoza rozari jumuiyani kwa miaka, lakini hawajawahi kusali na wenzi wao tu, mlango umefungwa. Ni vigumu, najua. Kutamka "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea" wakati aliyekukosea amepiga magoti ubavuni pako, si mchezo. Lakini mkiweza hilo, hata mazungumzo ya ada ya shule yanakuwa na staha.

Jambo la mwisho, na hili silipaki sukari. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka shauri la talaka, kwa kawaida, lipitie kwanza baraza la usuluhishi, na wengi wetu tunaliacha suala lisubiri huko. Ila sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inaruhusu. Mama akija na jicho limevimba, usimwambie "vumilia mwanangu, ndiyo ndoa." Mpeleke hospitali, mpeleke dawati la jinsia polisi, mtafutie pa kulala. Usuluhishi utazungumzwa akiwa salama.

Sasa maswali. Tuanze na baba yule wa nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja kifungu cha 66.