Sura Iliyochukuliwa na Sura Iliyotolewa

Ndugu wasikilizaji, Arusha ni mji unaopigwa picha kila siku, na bado watu wake wengi hawajawahi kuulizwa hata jina na mtu aliyewapiga picha. Gari la watalii likipunguza mwendo karibu na Soko la Kilombero, kamera hutokezwa dirishani, mama muuza ndizi akanaswa akiwa ameinama, kisha gari likaondoka. Hiyo naiita sura iliyochukuliwa. Ninayotaka kuizungumzia leo ni sura iliyotolewa na mwenyewe.

Mwaka 2010 Mmarekani Brandon Stanton, baada ya kupoteza kazi ya biashara ya hatifungani mjini Chicago, alihamia New York akikusudia kupiga picha za watu 10,000 na kuzipanga kwenye ramani ya jiji. Kilichoibadilisha kazi hiyo ni maneno. Alianza kuwauliza watu habari za maisha yao na kuyaweka majibu yao pamoja na picha, na kwa maoni yangu mazungumzo hayo, kuliko wingi wa sura, ndiyo yaliyowavuta mamilioni ya wasomaji.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba heshima hiyo ni ya ng'ambo tu. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, mji mkuu wa Mali, mwaka 1948, na wateja walifika wakiwa wamevaa vizuri, wakachagua kukaa na redio au kuegemea pikipiki, kila mmoja akijipanga jinsi alivyotaka kuonekana. Kinachoniuma ni kwamba majina ya wengi wao hayajulikani. Nyuso zao zimetundikwa katika makumbusho ya mbali, na hakuna anayeweza kutuambia yule bibi mwenye kilemba alikuwa nani.

Nami nilikosea mwanzoni. Nilimvizia fundi cherehani mmoja mzee, hapa hapa mjini, naye aliponiona alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akikishona. Kesho yake nilirudi bila kamera, nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikakaa kwenye benchi la wateja tukazungumza hadi adhuhuri. Siku ya tatu aliniambia mwenyewe: "Sasa piga, mwanangu, ila cherehani ionekane, maana ndiyo iliyowasomesha wanangu wanne." Nilipoisafisha picha nilimpelekea nakala pamoja na maneno yake niliyoyaandika chini, nikamsomea. Alinisahihisha mahali pamoja: watoto ni watano, mmoja alitangulia mbele ya haki, naye pia alisomeshwa.