Heda haivuliwi, kidole ndo kinasogea: mhadhara kuhusu fremu za mtandao ndani ya kerneli

Haya, mnanisikia huko nyuma? Maiki inakatakata kidogo ila twende hivohivo. Nimepewa dakika arobaini na tano na mimi nikianza kuongelea kerneli, ile programu ya kiini inayoendesha mashine, huwa sioni saa, kwa hiyo dada uliyekaa hapa mbele nakuomba unipungie mkono muda ukiisha.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna kipindi nilikuwa najiandikia kakerneli kangu kadogo ka kujifunzia kwenye bodi ya ARM, ya bei ya chini kabisa, nikafika sehemu ya mtandao. ARP ikafanya kazi siku ya kwanza, laptopu inauliza nani mwenye IP hii, bodi inajibu ni mimi hapa, safi. Nikatuma ping, kale kaujumbe ka kuuliza kama upo, kimya. Natuma tena, kimya. Siku mbili nzima. Nikabadili waya, nikabadili swichi, nikamsema vibaya na jamaa aliyeniuzia bodi, na jamaa hakuwa na kosa lolote masikini. Kosa lilikuwa langu na lilikuwa kwenye baiti mbili. Nitarudi hapo, kwanza tuangalie fremu yenyewe, yaani kifurushi cha data kinavyopita kwenye waya, ikoje.

Angalieni ukutani, hii ndo fremu ya ARP baiti kumi na nne za mwanzo:

ff ff ff ff ff ff 02 00 00 00 00 01 08 06

Sita za kwanza ni anwani ya anayetumiwa, hapa zote ff maana yake watu wote mlioko kwenye waya huu sikilizeni. Sita zinazofuata ni za aliyetuma. Mbili za mwisho ndo zinasema ndani kuna nini: 08 06 ni ARP, 08 00 ni IPv4, 86 dd ni IPv6. Basi, heda ya Ethernet, yaani maelezo yanayotangulia data, yote ndo hiyo, baiti 14. Mkiani kuna baiti nne za kuhakiki lakini hizo mara nyingi kadi ya mtandao inazimaliza yenyewe, kerneli hata haizioni.

Sasa kuna kaurithi ka zamani hapo. Hizo baiti mbili za mwisho kuna fremu za mtindo wa IEEE 802.3 ambazo zinazitumia kuandika urefu badala ya aina, kwa hiyo watu wakakubaliana kwamba namba ikiwa 1536 au zaidi ni aina, ikiwa 1500 kushuka chini ni urefu. Linux mpaka leo inapima hivo. Na mimi nikapima hivo, najiona mjanja. Shida ni kwamba kwenye waya baiti kubwa inatangulia, na bodi yangu inasoma baiti ndogo kwanza. ARP nilikuwa nimeilinganisha vizuri, namba nimeigeuza kabisa, ikitoka kweli narudi. Mstari unaofuata ndo nikasahau kugeuza. Ping inabebwa na IPv4, kwa hiyo 08 00 yake ikasomeka 0x0008, yaani nane, nane ni ndogo kuliko 1536, kodi yangu ikasema aah hii ni fremu ya kizamani ina urefu wa baiti nane, ikaitupa. Haikulalamika hata kidogo, iliitupa kwa utulivu kabisa kama mtu anayejua anachofanya. Ndo maana kwenye Linux ile namba inapewa aina yake maalumu, __be16, na kuna kifaa kinaitwa sparse cha kukagua kodi kitakupigia kelele ukiilinganisha na namba ya kawaida bila kuigeuza. Mimi sikuwa na sparse, nilikuwa na kiburi tu.

Tuingie Linux sasa. Watu wengi mkisoma vitabu mnaambiwa kila leya inavua heda yake inampa wa juu, mnapata picha ya mtu anamenya kitunguu, maganda yanaanguka chini. Ndani ya kerneli hakuna kinachoanguka. Mkumbuke mtoto wa madrasa anavyosoma, ana kijiti chake anafuatisha herufi, akimaliza neno kijiti kinasogea, neno halifutiki, liko palepale kwenye juzuu. Hivo ndo inavyokuwa. Kuna kitu kinaitwa sk_buff, kina pointa nne, yaani vionyesha mahali, kwenye kipande kimoja cha memori: head mwanzo wa kipande, data ndo kijiti chenyewe, tail mwisho wa maneno, end mwisho wa kipande. Fremu ikifika draiva, programu inayoendesha kadi, inaita eth_type_trans, na hiyo fanksheni ukiisoma utacheka, inaandika pembeni heda ya Ethernet ilianzia wapi, inasogeza data mbele baiti 14, inaangalia anwani ya mpokeaji kama ni yetu au ya wote au ya jirani, inarudisha aina. Paketi ya jirani inapigwa alama OTHERHOST, na ip_rcv, fanksheni inayopokea paketi za IP, kitu cha kwanza kabisa inachofanya ni kuitupa. Hakuna kukopi chochote. Ndo maana ukiwasha tcpdump, programu ya kuchungulia paketi, bado unaona anwani za MAC, zile za baiti sita sita, kwa sababu zipo, ni kijiti tu kimepita.

Wakati wa kutuma ni kinyume, na hapa ndo patamu. Unaandika barua ukianzia katikati ya karatasi, juu umeacha nafasi ukijua anwani itakuja baadae. TCP, leya iliyo juu ya IP, inaomba bafa, yaani kipande cha memori, na inaacha nafasi mbele, data inawekwa, halafu skb_push inarudisha kijiti nyuma 20 kwa heda ya TCP, 20 nyingine za IP, 14 za Ethernet, kila mmoja anaandika yake kwenye nafasi aliyoachiwa. Sasa ukisahau kuacha nafasi ya kutosha, au umeongeza tanelo juu ya tanelo, yaani paketi ndani ya paketi zenye heda zao, kijiti kinarudi nyuma mpaka kinatoka nje ya karatasi. Hapo kerneli haikuonei huruma, inaandika skb_under_panic na kuanguka. Wengine wanaona ni ukatili, mimi naona sawa kabisa, maana mbadala wake ni kuandika juu ya memori ya mtu mwingine halafu mashine ife kesho kwa sababu isiyoeleweka.

Kuna mtu ameuliza mbona mwanzoni mwa bafa draiva nyingi zinaruka baiti mbili tupu. Swali zuri kaka. Heda ni 14, na 14 haigawanyiki kwa nne. IP ikianzia hapo, anwani zake ambazo ni baiti nne nne zinaangukia pasipo na mpangilio, na kuna prosesa zamani zilikuwa zinakataa kabisa kusoma hivo, nyingine zinasoma kwa kusuasua. Ukiruka mbili IP inaanza kwenye 16, mambo yananyooka. Inaitwa NET_IP_ALIGN, thamani yake 2, ila kwenye x86 wameiweka 0 kwa sababu prosesa yenyewe haijali na kadi ndo inaumia ikiambiwa iandike kuanzia mahali palipopinda.

Na msidhani haya mahangaiko ni ya leo. Miaka ya 80 mwanzoni watu wa BSD, mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Unix, pale Berkeley walikuwa na mashine za VAX, kukopi data kulikuwa kunakula muda, wakasema sasa kama heda ndo inatuharibia mpangilio, tuipeleke nyuma! Kweli kabisa, 4.2BSD ilikuwa inaweza kutuma fremu ambayo heda za IP na TCP ziko mkiani, data inatangulia ili iangukie mwanzo wa ukurasa wa memori, kerneli ihamishe ukurasa badala ya kukopi. Leffler na Karels wakaiandika kwenye RFC 893, moja ya zile nyaraka za Intaneti, mwaka 1984. Wazo tamu. Tatizo mashine ya upande wa pili kama haijui huo mchezo inapokea kitu haielewi. 1989 RFC 1122 ikasema ruksa kutumia lakini mhakikishe kwanza kwamba wote wawili mnaijua, na ikajifia taratibu. Mimi naipenda hiyo stori kwa sababu inaonyesha mtu anaweza kubadili mpaka umbo la ujumbe wenyewe ili tu asikopi.

Haya, sehemu ambayo nataka mkae nayo. Urefu. Ukiniuliza bagi nyingi za heda zinatoka wapi nitakwambia mtu kasoma kabla hajauliza kama kipo. Paketi ndani ya sk_buff inaweza isiwe kipande kimoja, mwanzo uko hapa, kilichobaki kiko kwenye kurasa nyingine huko. Kwa hiyo kabla ya kugusa heda ya IP, ip_rcv inaita pskb_may_pull, maana yake je baiti 20 zipo na ziko pamoja? Kama zimetawanyika inazivuta mbele. Zikiwa hazipo paketi inatupwa. Halafu inasoma, inakuta heda yenyewe inasema mimi nina urefu zaidi ya 20, basi inauliza TENA kwa urefu huo mpya. Na baada ya kuuliza inachukua pointa upya, kwa sababu huko kuvuta kunaweza kuwa kumehamisha kila kitu kwenye bafa nyingine na ile pointa yako ya zamani inaonyesha nyumba iliyoshahamwa. Hii ya kusahau kuchukua pointa upya inawapiga hata watu wazima wenye miaka kwenye hii kazi, na ubaya wake siku nyingi inafanya kazi, kwa sababu mara nyingi kuvuta hakuhitajiki.

Upande wa pili wa urefu ni ziada. Fremu ya Ethernet haitakiwi kupungua baiti 64 ukihesabu na zile nne za mkiani, yaani 60 bila hizo. ARP ina 28, ongeza 14 unapata 42, zimebaki 18 lazima zijazwe. Zijazwe na nini? Sifuri. Lakini Januari 2003 Ofir Arkin na Josh Anderson wakaonyesha kwamba draiva kibao hazijazi chochote, zinaiambia kadi tuma 60 na zile 18 zinabeba chochote kilichokuwepo kwenye memori, mabaki ya paketi za watu wengine, vipande vya memori ya kerneli. Unapiga ping, unajibiwa na siri kidogo kwenye mkia. Wakaiita EtherLeak. Dawa yake sasa ni skb_padto, inajaza sifuri. Na anayepokea nae haruhusiwi kuamini hizo za ziada, IP inasema urefu wangu ni 29, basi kerneli inakata mkia pale kwenye 29, kilichobaki ni takataka hata kama ni sifuri.

VLAN, alama ya kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa, nitaipitia haraka: ni baiti nne zinaingia katikati, baada ya anwani mbili, zinaanza na 81 00. Kadi nyingi zinazitoa zenyewe na kumpa kerneli pembeni, kwa hiyo ukizitafuta ndani ya fremu unaweza usizikute na zilikuwepo. Ukijua hilo tu umeokoa wikendi yako moja.

Naona mkono unapungwa, swali la mwisho. Kaka pale dirishani? ... Anasema ameandika programu ya XDP ya kuzuia IP fulani na kerneli inaikataa, hata haijawahi kuona paketi moja. Ngoja nione. Sawa, XDP iliingia Linux 4.8 mwaka 2016, programu yako inakimbia ndani ya draiva kabla sk_buff haijatengenezwa, una data na data_end tu, mwanzo na mwisho wa paketi. Na kabla ya kuiruhusu kerneli inaisoma kodi yako njia kwa njia, ikikuta sehemu moja unasoma baiti ambayo hukuuliza kama ipo, hupiti. Sasa wewe hapa umeandika data + 14 ikizidi data_end achia ipite, vizuri, Ethernet umeiuliza. Mstari wa chini yake unasoma anwani ya IP, hiyo umeiuliza wapi? Ehee. Weka 34 pale, 14 na 20, uiload tena. Laptopu ina chaji? Njoo nayo hapa mbele.