Namna ya Kulainisha Vipele vya Ngozi ya Kuku Ukiwa Nyumbani

Ndugu mtazamaji, karibu. Kabla sijafungua kopo lolote, naomba kamera isogee kwenye mkono wangu wa kulia, upande wa nyuma, juu kidogo ya kiwiko. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni mkono usio na tatizo, lakini taa inapomulika kutoka ubavuni vinajitokeza vipele vidogo vidogo, vigumu, kila kimoja na kivuli chake, kama ngozi ya kuku aliyekwisha kunyonyolewa manyoya. Ukipitisha kiganja utahisi kama unapapasa msasa laini. Haviumi, haviwashi sana, na havina usaha. Madaktari wa ngozi huviita keratosisi pilarisi. Katika video hii tutaviita vipele vya ngozi ya kuku.

Ngozi hutengeneza protini iitwayo keratini, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayounda kucha na nywele. Kwa baadhi yetu keratini huzidi na kujikusanya kwenye kitundu ambamo kinyweleo hutokea, ikaziba mdomo wake kama kizibo cha chupa, na wakati mwingine kinyweleo chenyewe hujikunja humo ndani kwa kukosa pa kutokea. Mara nyingi hali hii hurithiwa, haiambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kutumia taulo moja, na huwapata zaidi wenye ngozi kavu au pumu ya ngozi. Huonekana nyuma ya mikono, mapajani, matakoni, na kwa watoto hata mashavuni. Aghalabu huanza utotoni, hukolea wakati wa balehe, na kwa wengi hupungua umri unaposogea. Msimu wa kipupwe, hewa inapokauka, huzidi kuparuza.

Vipele hivi havitokani na uchafu. Nalisema hili mapema kwa sababu nilipokuwa shule ya bweni niliamini kwamba siogi vizuri, nikawa nasugua mikono kwa dodoki kavu kila asubuhi hadi ngozi ikatoa maji. Vipele havikuondoka, bali viliongezeka na kuacha madoa meusi yaliyokaa miezi mingi, maana ngozi nyeusi ikijeruhiwa, hata kidogo tu, huacha doa. Kwa hiyo usivikamue kwa kucha, usivitoboe kwa sindano, na dodoki lako libaki kwenye nyayo.

Tuanze na kuoga. Tumia maji ya uvuguvugu, kwani maji ya moto huyeyusha mafuta ya asili ya ngozi, na usikae bafuni zaidi ya dakika 10. Chagua sabuni laini isiyo na manukato makali. Sabuni ya mche tunayofulia nguo hukausha mno na haifai kabisa kwa kazi hii. Mara mbili au tatu kwa wiki, si kila siku, chukua kitambaa laini kilicholowa, uzungushe taratibu juu ya vipele kwa uzito ule ule wa mkono unaoutumia kumfuta mtoto mchanga uso. Ukiona ngozi inawaka, umezidisha.

Ukimaliza, usijifute kwa kuburuta taulo. Tazama ninavyofanya: naligusisha tu, nalinyanyua, nagusisha tena, na naacha ngozi ikiwa na unyevunyevu. Hapo ndipo wengi tunapopoteza nafasi, kwa sababu tunavaa kwanza, tunapiga simu, tunachemsha chai, halafu ndipo tunakumbuka mafuta wakati ngozi imekwisha kukauka. Paka ndani ya dakika tatu baada ya kutoka majini, ili mafuta yafungie ndani yale maji ambayo ngozi imeyanywa.

Sasa tuje kwenye krimu yenyewe. Nenda duka la dawa uulizie krimu ya mwili yenye urea ya asilimia 10 hadi 20. Mkulima akisikia neno urea atashtuka, na ana haki ya kushtuka, kwani kemikali ni ile ile iliyomo kwenye mfuko wa mbolea. Lakini ya krimu imesafishwa na kupimwa kwa ajili ya ngozi, basi tafadhali asitokee mtu wa kuchota ya shambani akaichanganya na mafuta ya nazi. Urea huvuta maji kwenye ngozi na kulegeza kile kizibo cha keratini. Ukiikosa, krimu yenye asidi ya laktiki au asidi ya salisiliki hufanya kazi inayokaribiana, ila chagua moja tu, na ukitumia asidi ya laktiki kisha ukatoka kwenye jua kali, vaa mikono mirefu.

Siku ya kwanza paka tone moja upande wa ndani wa mkono na usubiri siku moja hadi mbili. Pakivimba au kuwasha, iache. Pakitulia, kamua krimu juu ya kidole cha shahada, kuanzia ncha hadi kwenye pingili ya kwanza, kama hivi. Kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili. Isambaze bila kusugua, usiku mmoja upake na mwingine upumzike kwa wiki mbili za mwanzo, kisha kila usiku ngozi ikizoea. Usiipake penye kidonda wala palipotoka kunyolewa, maana itachoma. Mtoto mdogo asipakwe krimu za asidi bila ushauri wa daktari, na mjamzito asiguse krimu zenye retinoidi, yaani dawa za jamii ya vitamini A.

Asiye na uwezo wa kununua krimu hizo asikate tamaa. Mafuta ya mgando, au glisirini iliyozimuliwa kwa maji, yakipakwa juu ya ngozi yenye unyevu, hulainisha sana, ingawa hayayeyushi kizibo kama urea. Nguo zinazobana na kukwaruza ziepuke pia.

Kuna jambo moja linalonikera. Niliwahi kwenda duka moja la vipodozi kuuliza dawa ya vipele hivi, muuzaji akanitolea mkorogo, akasema utatoa vipele na madoa kwa pamoja. Mkorogo mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, vitu vinavyochubua na kudhoofisha ngozi, na zebaki huweza kuharibu figo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozibua kitundu kilichoziba.

Kuna hali ambazo si za kutunza nyumbani. Vipele vikiwasha sana usiku, vikatokea katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na wenzako nyumbani nao wakaanza kujikuna, huo huenda ni upele wa kuambukiza unaohitaji dawa yake. Vikitoa usaha, vikiuma au vikiambatana na homa, nenda kituo cha afya.

Piga picha ya mkono wako leo, mahali penye mwanga wa dirisha, usiipige nyingine hadi wiki sita zipite, kwa sababu mabadiliko ni ya polepole na macho ya kila siku hayayaoni. Ukiacha kupaka, vipele vitarudi, hivyo ukishalainika punguza hadi mara mbili au tatu kwa wiki lakini usiache kabisa.

Kamera ije sasa kwenye mkono wa kushoto. Huu nimeupaka urea kwa wiki sita, na wa kulia sikuugusa makusudi ili upate kulinganisha. Vipele bado vipo, ukivitafuta utavipata hapa karibu na kwapa, lakini taa ya ubavuni haitoi tena vile vivuli. Mkono wa kulia nauanza usiku wa leo.