Asilimia 40: Ndoa ya ANC na DA inashikiliwa na nini?

Zuhura: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuko Afrika Kusini. Mei 29, 2024, chama tawala cha ANC kilipata asilimia 40 ya kura. Uchaguzi wa 2019 ilikuwa na 57. Ikabaki na viti 159 katika Bunge la watu 400. Kaka Baraka, wengi walisifu muungano wake na DA, chama kilichokuwa kikuu cha upinzani, wakasema nchi imekomaa kidemokrasia. Wewe?

Baraka: Mimi naona walibanwa na kalenda, dada. Katiba yao inataka Bunge likutane ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa. Yalitangazwa Juni 2. Juni 14 wabunge wakakusanyika katika ukumbi wa mikutano Cape Town, maana jengo la Bunge liliungua Januari 2022. Sasa, kikao kinaendelea, rais hajachaguliwa, ndipo John Steenhuisen, kiongozi wa DA wakati huo, anajitokeza kwenye televisheni kusema wameafikiana na ANC. Siku hiyohiyo!

Zuhura: Na usiku ule Cyril Ramaphosa wa ANC akachaguliwa rais kwa kura 283, Julius Malema wa chama cha upinzani EFF akapata 44. Wabunge 58 wa MK, chama cha rais wa zamani Jacob Zuma, walisusia.

Baraka: Haya, tuje kwenye karatasi yenyewe waliyotia saini. Ina kifungu kinachosema wakitofautiana, jambo litapita vyama vya serikali vyenye asilimia 60 ya viti vya Bunge vikikubaliana. Piga hesabu. Asilimia 60 ni viti 240. Vyama vyote kumi vilivyoingia serikalini vina 287. Ondoa 87 vya DA, unabaki na 200.

Zuhura: Kwa hiyo DA wakaamini hakuna kitakachopita bila wao.

Baraka: Ndiyo. Ila hawakuandika nini kitatokea ANC ikitafuta kura nje ya serikali. Hapo ndipo bajeti ilipowavua nguo. Februari 2025 waziri wa fedha alitaka kupandisha VAT kutoka asilimia 15 hadi 17. Hotuba ikaahirishwa siku ileile ya kusomwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu 1994. Akarudi na nyongeza ya nusu asilimia, halafu nusu nyingine mwaka unaofuata. Aprili 2 wabunge wakaupigia kura mpango huo wa bajeti: 194 waliunga mkono, 182 walipinga. Mawaziri wa DA wanapinga bajeti ya serikali wanayoitumikia! Chama cha ActionSA, ambao hawamo serikalini, ndio waliosaidia kuipitisha.

Zuhura: Na baada ya purukushani yote hiyo, Aprili 24 nyongeza ikafutwa. Kinachoniuma mimi ni yule mama anayenunua sabuni dukani. Miezi miwili hajui bei itakuwaje, kwa sababu wakubwa waligawana wizara kabla ya kukubaliana pesa itatoka wapi.

Baraka: Umesema kweli. Sisi Kenya tuliionja serikali ya mseto, ile tuliyoiita nusu mkate, mwaka 2008. Lakini mapatano ya Kibaki na Raila ya Februari 28 yalipelekwa bungeni yakawa sheria, yakaingizwa hadi kwenye Katiba. Yalikuwa na kasoro tele, ila ukivunja unajua umevunja nini. Na kuna jambo wengi wamelisahau: Ramaphosa mwenyewe aliletwa Nairobi mwaka ule kuongoza mazungumzo, akajitoa upande wa Kibaki ulipompinga.

Zuhura: Kumbe anajua vizuri meza hizi zilivyo. Lakini kaka, mbona hawaachani? DA walipinga bajeti, na bado wamo.

Baraka: Wanaogopa mlango wa nyuma. DA wakitoka, ANC italazimika kumgeukia Zuma au Malema, na hilo ndilo wafuasi wa DA wanaloliogopa kuliko kitu chochote. ANC nayo inajua Zuma hataki waziri mmoja au wawili, anataka Ramaphosa aondoke. Hofu hiyo ndiyo inayowaweka pamoja.

Zuhura: Basi niwapeleke wasikilizaji jimbo la KwaZulu-Natal, maana kule naona uzi ni mwembamba zaidi. MK walipata viti 37 kati ya 80, wakawa wa kwanza kwa mbali, na bado hawakuunda serikali ya jimbo. Vyama vinne viliungana dhidi yao: IFP 15, ANC 14, DA 11, na chama kidogo cha NFP kimoja. Jumla 41. Kile kiti kimoja cha NFP ndicho kilichompa Thami Ntuli wa IFP uongozi wa jimbo.

Baraka: Mtu mmoja! Angeugua siku ya kura, wangebaki 40 dhidi ya 39 wa upinzani.

Zuhura: Na vyama hivyohivyo vitapambana tena kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Johannesburg, baada ya uchaguzi wa 2021, chama kidogo cha Al Jama-ah chenye madiwani 3 kati ya 270 kilitoa mameya wawili mfululizo, kwa sababu vyama vikubwa vilikataa kupeana kiti. Mawaziri wa DA na wa ANC watapanda majukwaani kushambuliana Jumamosi, halafu Jumatano wakutane kwenye baraza la mawaziri. Mimi nataka kuona nani kati yao atadai mapatano yaandikwe upya kabla kampeni hazijaanza.

Baraka: Sijamsikia anayedai hivyo.